Waelewanao na Wasioelewana: Grafu Mpasuko, Kuanzia Bwiza

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura (Bujumbura ya leo) mwishoni mwa karne ya 19, Kiswahili kilikuwa kimewatangulia. Kilifika na misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, kisha kikapanda vyombo vya Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Uvira. Milimani hakikupanda. Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuingia katika nchi ya Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, na majeshi ya mwami yakamrudisha ziwani. Ndiyo maana hata leo Kiswahili nchini Burundi hufuata maji kuliko kinavyofuata milima. Askari wa Kijerumani walikitumia, na Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1916 wakakikuta kwenye soko, bandarini na msikitini.

Chini ya Wabelgiji mji ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na upande wao, Waasia wakawa na mtaa wao wa maduka, na Waafrika wakapimiwa viwanja katika mitaa miwili iliyopakana. Wa kwanza ni Buyenzi, uliojulikana kuwa kijiji cha Waswahili. Wa pili ni Bwiza, ambao wakati huo uliitwa Belge. Barabara za Bwiza zilichorwa kwa rula, zikapewa namba badala ya majina, na hadi leo mtu wa huko hukuelekeza kwa kutaja avenyu ya tano au ya saba. Katika viwanja hivyo walikutana Warundi walioshuka kutafuta kazi, Wakongo kutoka ng'ambo ya Rusizi na ng'ambo ya ziwa, Wanyarwanda, na watu wa Tanganyika. Katika miaka ya 1950 shirika la Kibelgiji la OCAF lilijenga mtaa wa Ngagara upande wa kaskazini, lakini mazungumzo ya mji yalibaki Buyenzi na Bwiza.

Mwanamfalme Louis Rwagasore alilifahamu hilo. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kirundi, na nguvu zake mjini zilitoka kwa wachuuzi na wenye maduka wa mitaa hii, wengi wao Waswahili. Mtu aliyetaka kuwafikia wakulima wa tambarare ya Imbo, wavuvi wa ziwani na vibarua wa bandari kwa mara moja hakuwa na haja ya kumtafuta kila mmoja. Aliwapata wachache waliojuana wote, na kila mmoja wao akawa na watu wake. Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na Oktoba 13 mwaka huohuo Rwagasore akapigwa risasi mjini Usumbura.

Umbo hilo la jamii, yaani kiini cha watu wanaofahamiana wote na pembezoni ambako hakuna anayemfahamu mwenzake ila kupitia kiini, lina jina katika hisabati. Jina hilo ni changa: lilichapishwa mwaka 1977. Ajabu ni kwamba wanahisabati walikuwa wamechora nukta na mistari kwa zaidi ya miaka 240 kabla hawajaliona.

Tuwachukue watu saba wa kubuni wa Bwiza ya miaka ya 1950. Wanne wanajua Kiswahili: fundi cherehani, muuza samaki, kinyozi na dereva. Watatu wameingia mjini juzi na kila mmoja ana lugha moja tu: Mrundi kutoka mlimani, Mshi kutoka upande wa Bukavu, na Mbembe kutoka Fizi. Fundi cherehani, mbali na Kiswahili, anajua Kirundi na Mashi, lugha ya Mshi. Muuza samaki anajua Kirundi na Kibembe. Kinyozi anajua Kirundi. Dereva hana lugha nyingine zaidi ya Kiswahili. Weka nukta kwa kila mtu, na uwaunganishe kwa mstari wawili wowote wenye lugha moja ya kuzungumza. Wale wanne wanaunganishwa wote kwa wote, mistari sita. Mrundi anaunganishwa na fundi, muuza samaki na kinyozi. Mshi ana fundi tu, na Mbembe ana muuza samaki tu. Kati ya wageni watatu hakuna hata mstari mmoja. Jumla ni mistari 11. Grafu yoyote ambayo nukta zake zinaweza kugawanywa hivi, fungu moja wakiungana wote na fungu la pili wasiungane kabisa, ndiyo grafu mpasuko.

Historia ya michoro hii huanzia kwa Leonhard Euler na madaraja ya Königsberg mwaka 1736. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, msafiri na mtafiti aliyezaliwa Budapest, aliwakuta watoto wa Wakuba katika bonde la Kasai, Kongo, wakichora mchangani mitandao ya mistari bila kuinua kidole wala kupita mstari mmoja mara mbili. Walimtaka mgeni ajaribu. Swali lao lilikuwa lilelile la Euler, na hapana shaka hawakumsikia.

Budapest ndiyo iliyolifanya somo hili kuwa somo. Dénes Kőnig alichapisha kitabu cha kwanza kamili cha nadharia ya grafu mwaka 1936. Oktoba 1944, siku chache baada ya chama cha kifashisti cha Hungaria kutwaa madaraka, Kőnig, ambaye familia yake ilikuwa na asili ya Kiyahudi, alijiua. Somo lake lilibaki. Mhungaria György Hajós aliuliza mwaka 1957 ni grafu zipi zinazoweza kutokana na vipande vya mstari vinavyoingiliana. Gabriel Dirac, aliyezaliwa katika mji huohuo wa Budapest na kulelewa na mwanafizikia Paul Dirac baba yake wa kambo, alichapisha mwaka 1961 uchunguzi wa grafu ambazo kila mzunguko wake wa pembe nne au zaidi hukatwa na mstari wa ndani. Mzunguko ukikatwa hivyo unafanana na upinde na ugwe wake, na mimi nitaziita grafu za ugwe.

Mwaka 1960, kwenye mkutano uliofanyika Halle, Ujerumani Mashariki, Mfaransa Claude Berge aliliweka jambo hili katika swali moja kubwa. Chukua grafu, uzipake nukta rangi ili nukta mbili zilizounganishwa zisifanane. Rangi zinazohitajika haziwezi kupungua kuliko idadi ya watu katika kundi kubwa zaidi la wanaojuana wote. Je, ni grafu zipi ambazo idadi hizo mbili hulingana, kwao zenyewe na kwa kila kipande chao? Berge aliziita timilifu, na akabashiri kwamba kinachoharibu utimilifu ni mizunguko ya idadi witiri, kuanzia pembe tano, isiyokatwa na mstari wowote, pamoja na vinyume vyake (kinyume cha grafu ni grafu yenye nukta zilezile, ambamo waliounganishwa wanatenganishwa na waliotengana wanaunganishwa). Grafu yetu ya Bwiza ni timilifu: kundi lake kubwa lina watu wanne, na rangi nne zinatosha.

Ubashiri wa Berge uliwashughulisha watu kwa miaka 42. László Lovász, Mhungaria mwingine, alithibitisha sehemu yake nyepesi mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 24: grafu ikiwa timilifu, kinyume chake nacho ni timilifu. Sehemu ngumu ilisubiri hadi Mei 2002, ilipotangazwa na Maria Chudnovsky, Neil Robertson, Paul Seymour na Robin Thomas. Berge alifariki Juni 30 mwaka huohuo, na uthibitisho wenyewe ukachapishwa mwaka 2006. Lakini hapa tuache barabara kuu, tufuate kichochoro chetu.

Peter Hammer alizaliwa Timișoara, Romania, mwaka 1936, mwaka uleule wa kitabu cha Kőnig. Aliondoka Romania mwishoni mwa miaka ya 1960, akapitia Israeli na Montréal, na mwaka 1972 akafika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Kazi yake haikuanzia kwenye umbo la jamii wala kwenye utimilifu. Alikuwa mtu wa hesabu za maamuzi, za ndiyo na hapana: una masharti mengi ya aina ya «hili na lile haviwezi kuchaguliwa pamoja», je, unaweza kuyakusanya yote katika sharti moja la kujumlisha? Akiwa na Václav Chvátal kutoka Praha, aligundua kwamba jambo hilo huwezekana kwa grafu za aina moja tu, wakaziita grafu za kizingiti. Ndani yake wageni wote wanaweza kupangwa kwa safu, kila anayefuata akiwa na wenyeji wote wa aliyemtangulia au zaidi. Bwiza yetu haifiki hapo. Mshi ana fundi lakini hana muuza samaki. Mbembe ana muuza samaki lakini hana fundi. Hakuna anayemzidi mwenzake, wana milango tofauti ya kuingilia mjini.

Kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye mpasuko ni hatua moja: ondoa sharti la safu, ubaki na kiini na pembezoni. Hatua hiyo Hammer aliichukua pamoja na Stéphane Foldes. Makala yao yenye kichwa cha maneno mawili tu yalitoka mwaka 1977 katika kumbukumbu za mkutano uliofanyika Baton Rouge, Louisiana. Walionyesha kwamba grafu ni mpasuko endapo yenyewe ni ya ugwe na kinyume chake nacho ni cha ugwe. Walionyesha pia kwamba maumbo matatu tu ndiyo yaliyokatazwa. La kwanza ni jozi mbili zisizojuana: wawili wanazungumza, wawili wengine wanazungumza, na hakuna anayevuka. La pili ni pembe nne tupu, yaani watu wanne waliozungukana, kila mmoja akimjua jirani wa kulia na wa kushoto lakini si wa mbele yake. La tatu ni pembe tano tupu. Mtaa usio na hata moja kati ya hayo matatu, popote ndani yake, lazima uwe na kiini na pembezoni, hata kama hakuna aliyeupanga hivyo.

Miaka miwili baadaye, mjini Minsk, Regina Tyshkevich na Arkady Chernyak walichapisha makala kwa Kirusi katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Belarus, wakiwa wamefikia grafu hizohizo kwa njia yao. Kila upande ulifika peke yake. Makala ya Waterloo na ya Minsk zilikuwa kama wageni wawili wa Bwiza wasio na mkalimani, na vita baridi haikusaidia. Kwa maoni yangu njia ya Minsk ndiyo iliyochimba zaidi. Tyshkevich hakujali sana nani anamjua nani. Alianza na hesabu tupu ya digrii, yaani kila nukta ina mistari mingapi, akauliza mpasuko unaonekanaje mtu akiwa hana mchoro ila orodha ya namba. Baadaye alithibitisha kwamba grafu yoyote inaweza kuvunjwa kuwa vipande vya mpasuko vilivyopangwa kwa mfuatano juu ya kipande kimoja cha msingi kisichovunjika tena, na mvunjo huo ni mmoja tu. Aliendelea kufundisha Minsk karibu maisha yake yote, akafariki mwaka 2019.

Mwaka 1981 Hammer na Mtaliano Bruno Simeone waliitoa kanuni ya digrii katika umbo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa kalamu. Andika digrii za watu wetu saba kutoka kubwa hadi ndogo. Fundi ana 5, muuza samaki 5, kinyozi 4, dereva 3, Mrundi 3, Mshi 1, Mbembe 1. Tafuta nafasi ya mwisho ambayo digrii yake haipungui namba ya nafasi toa moja. Ya nne ina 3, inatosha. Ya tano ina 3 na ilihitaji 4, haitoshi. Basi kiini kina watu wanne. Jumlisha digrii za wanne wa kwanza: 17. Watu wanne wakijuana wote hutumia ncha 12 za mistari kati yao. Waliobaki wana 3, 1 na 1, jumla 5. Na 12 ukiongeza 5 unapata 17. Namba zimelingana, kwa hiyo ni mpasuko. Hukuhitaji kujua lugha ya yeyote.

Na hapo ndipo kanuni inapomshangaza mtu wa Bwiza. Tazama dereva na Mrundi. Dereva anazungumza na fundi, muuza samaki na kinyozi. Mrundi naye anazungumza na fundi, muuza samaki na kinyozi. Wote wawili wana digrii 3, wana wenzi walewale, na wao kwa wao hawaelewani. Ukimtoa dereva katika kiini ukamweka Mrundi mahali pake, mgawanyo bado ni sahihi. Ukiwaweka wote wawili pembezoni, bado ni sahihi. Sisi tulimhesabu dereva kuwa mwenyeji kwa sababu anajua Kiswahili, lakini Kiswahili hakikuchorwa. Kilichochorwa ni nani anaweza kuzungumza na nani, na kwa kipimo hicho mtu wa mjini mwenye lugha moja hana tofauti na mtu wa mlimani mwenye lugha moja. Hammer na Simeone walilieleza hilo waziwazi: ama mgawanyo ni mmoja tu, ama kuna wa kuhamahama kama hawa wawili, na hakuna hali nyingine. Nimewaona wazee wengi wa Kiswahili ambao hawangeifurahia kanuni hii.

Grafu hizi ni nyingi kiasi gani? Ukiwa na nukta nne kuna maumbo 11 tofauti ya kuziunganisha, na 9 kati yake ni mpasuko. Yanayokosa ni jozi mbili na pembe nne tupu. Ukiwa na nukta tano kuna 34, na 21 ni mpasuko. Nukta sita: 56 kati ya 156. Sehemu inapungua haraka. Lakini ukitazama ndani ya grafu za ugwe peke yake, mambo yanageuka. Edward Bender, Bruce Richmond na Nicholas Wormald walithibitisha mwaka 1985 kwamba nukta zinapozidi kuongezeka, karibu grafu zote za ugwe ni mpasuko. Aina aliyoichunguza Dirac, kwa kiasi kikubwa ilikuwa kiini na pembezoni tangu mwanzo, na watu walikaa nayo miaka 24 bila kulitambua hilo.

Hisabati ilirudi mitaani mwaka 1999, Stephen Borgatti na Martin Everett walipochapisha kielelezo chao cha kiini na pembezoni kwa ajili ya watafiti wa jamii. Kielelezo chao bora, ambacho mitandao halisi hupimwa kukikaribia, ni ndugu wa karibu sana wa grafu ya Foldes na Hammer. Tangu hapo umbo hilo limetafutwa katika mitandao ya mabenki, ya viwanja vya ndege, na ya biashara kati ya mataifa.

Bwiza yenyewe ilipitia miaka ambayo sitaki kuigeuza kuwa mchoro. Machi 1995 mtaa huu na Buyenzi, iliyokuwa bado mitaa ya watu mchanganyiko, ilishambuliwa. Wapo waliouawa, na wengi walikimbia, Wakongo wengi wakivuka mpaka kurudi Uvira. Nukta na mistari vinaweza kuonyesha kwamba mawasiliano yamekatika. Haviwezi kuonyesha nani aliyakata.

Lakini ndoa mchoro unaimudu. Tuseme Mshi na Mbembe wetu, kila mmoja na mlango wake wa kuingilia mjini, wanapendana kupitia fundi na muuza samaki, wanaoana, wanajitungia lugha yao wenyewe ya nyumbani ambayo hakuna mwingine anayeijua. Unaongezeka mstari mmoja. Sasa Mshi, fundi, muuza samaki na Mbembe wamezungukana kwa pembe nne, na hakuna mstari wa ndani: fundi hamwelewi Mbembe, muuza samaki hamwelewi Mshi. Isitoshe, kinyozi na dereva ni jozi, bwana na bibi ni jozi, na hakuna anayevuka. Maumbo mawili yaliyokatazwa yamepatikana kwa harusi moja.

Hammer na Simeone walikuwa na kipimo cha hali hii pia: ni mistari mingapi, kwa uchache, inayopaswa kuongezwa au kufutwa ili mpasuko urudi, na jibu nalo hutoka kwenye digrii tu. Sasa digrii ni 5, 5, 4, 3, 3, 2, 2. Kiini bado ni wanne, jumla yao ni 17. Upande wa pili ni 12 ukiongeza 7, yaani 19. Tofauti ni 2, nusu yake ni 1. Kasoro ni ya mstari mmoja, na ukiutafuta utakuta hauwezi kuwa mwingine ila ule wa ndoa. Kuongeza mstari popote hakutoshi. Kufuta mwingine wowote hakutoshi. Hata mtoto wao, atakayekua Bwiza akizungumza Mashi, Kibembe na Kiswahili, ataunganishwa na wazazi wake na wale wanne wote, lakini hataurudisha mpasuko: umbo lililokatazwa likishakuwamo halitoki kwa kuongeza watu.